Hesabu Wati Zinazopotea, Si Asilimia ya Ufanisi

Kila kigeuzi cha umeme, kiwe ni chaja ya simu, pawasaplai ya kompyuta, inveta ya sola au transfoma kubwa ya gridi, hunadiwa kwa tarakimu moja inayopewa heshima kuliko nyingine zote, nayo ni asilimia ya ufanisi. Kwa muda wote ambao nimekuwa nikiunda, nikipima na kukarabati vifaa hivi, nimezidi kuamini kwamba tarakimu hiyo, hata inapokuwa ya kweli kabisa, huyaelekeza macho yetu pasipofaa. Hutueleza kiasi cha umeme kilichofika, ilhali anayetaka kuboresha kifaa anahitaji kujua kiasi kilichopotea, kimepotelea wapi, na kifaa kilikuwa kimebeba mzigo gani wakati huo. Hayo matatu ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa urefu usiolingana, kwa sababu hayana uzito sawa.

Nianze na hesabu. Tuseme kigeuzi kinatoa wati 100. Ufanisi wake ukiwa asilimia 90, wati 11.1 zinageuka joto ndani yake. Ukiwa asilimia 95, joto hilo ni wati 5.3, ukiwa asilimia 98, ni wati 2 tu. Mtu anayeangalia asilimia ataona kwamba kutoka 95 hadi 98 ni hatua tatu ndogo ambazo pengine hazistahili gharama yake. Anayeangalia joto ataona kwamba zaidi ya nusu ya tatizo lake imeondoka: kipoza joto kinaweza kupunguzwa, feni inaweza kuondolewa pamoja na kelele na vumbi lake, na boksi zima linaweza kuwa dogo. Kapasita za elektroliti, ambazo mara nyingi ndizo za kwanza kufa katika vifaa hivi, nazo hufaidika, kwani kwa kanuni ya makadirio ambayo wahandisi wameitumia kwa miaka mingi, kila joto lake linapopungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake huongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo wati moja iliyookolewa hulipa katika nishati, katika ukubwa wa kifaa na katika umri wake.

Sasa tuulize joto hilo linatoka wapi. Njia ya zamani ya kupunguza volteji ilikuwa kuweka transista katikati ya chanzo na mzigo, ikizuia kiasi kisichotakiwa na kukiunguza. Ukitaka volti 5 kutoka kwenye volti 12 kwa njia hiyo, ufanisi wako hauwezi kuvuka asilimia 42, kwa kuwa mkondo uleule unaoingia ndio unaotoka, na volti 7 zilizobaki hazina pa kwenda isipokuwa kwenye joto. Hapa ubora wa vipuri hausaidii chochote, maana hasara imo ndani ya wazo lenyewe.

Njia ya kisasa imejengwa juu ya wazo lingine kabisa. Swichi iliyofungwa kikamilifu, yaani iliyowashwa, hupitisha mkondo bila kuwa na volteji kati ya ncha zake. Swichi iliyo wazi kikamilifu, yaani iliyozimwa, hubeba volteji bila kupitisha mkondo. Nguvu inayopotea ni zao la volteji na mkondo, na katika hali zote mbili kimojawapo ni sifuri. Ukiiwasha na kuizima swichi hiyo maelfu ya mara kwa sekunde, ukailaza nishati kwa muda mfupi ndani ya koili na kapasita, unaweza kupata volteji yoyote unayoitaka, na kwa nadharia hupotezi hata wati moja. Nalipenda sana jambo hili kwa sababu lina matokeo makubwa ya kifikra: ikiwa wazo lenyewe lina ufanisi wa asilimia 100, basi kila wati inayopotea ina mkosaji wake. Ni swichi ambayo haikuwa swichi kamili, ni koili ambayo haikuwa koili kamili, au ni sakiti ya udhibiti iliyokula zaidi ya haki yake. Wakosaji hao wanaweza kutajwa mmoja mmoja, na kila mmoja ana tiba yake.

Mkosaji wa kwanza ni ukinzani. Waya, njia za shaba kwenye bodi, koili na swichi yenyewe vyote vina ukinzani, na hasara yake hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara huongezeka mara nne. Diodi, kipuri kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, nayo ina namna yake ya kupoteza, kwa kuwa hudai volteji fulani kabla ya kupitisha chochote. Diodi ya kawaida ya silikoni hudai karibu volti 0.7, na hata aina ya Schottky, iliyo bora zaidi kwa volteji ndogo, hudai kati ya volti 0.3 na 0.5. Katika kifaa kinachotoa volti 5 kwa ampea 10, diodi yenye kudai volti 0.5 inaunguza wati 5 wakati mzigo unapata wati 50. Ukiiondoa na kuweka mosfeti, yaani transista inayotumika kama swichi, yenye ukinzani wa miliomu 5, inayowashwa wakati uleule ambao diodi ingepitisha mkondo, hasara inashuka hadi wati 0.5. Mabadiliko hayo ya kipuri kimoja yanaweza kuleta faida kuliko mambo mengi yanayotangazwa kwa kishindo. Gharama yake ni umakini wa muda: mosfeti mbili zikiwashwa kwa pamoja hata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde zinatengeneza shoti, na zikichelewa kupokezana, mkondo unapita tena kwenye diodi iliyomo ndani ya mosfeti na faida inayeyuka.

Kuna jambo ambalo watu hulisahau wanaposoma karatasi za data za mosfeti. Ukinzani unaoandikwa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza ni ule wa nyuzi 25, halijoto ambayo kipande hicho hakitaiona tena kikianza kazi. Kwenye nyuzi 125, mosfeti ya silikoni inaweza kuwa na ukinzani unaokaribia mara mbili ya ule ulioandikwa, ambao nao huongeza joto, ambalo huongeza ukinzani. Ndiyo maana upoaji mzuri haulindi uhai wa kifaa tu bali huinua ufanisi wenyewe, na ndiyo maana napinga desturi ya kuufikiria upoaji mwishoni, baada ya sakiti kukamilika.

Mkosaji wa pili ni tendo la kuwasha na kuzima. Swichi halisi haihami kutoka hali moja kwenda nyingine papo hapo. Kuna kipindi kifupi, mara nyingi cha nanosekunde chache hadi makumi kadhaa, ambapo volteji haijashuka na mkondo umeshapanda. Katika kipindi hicho nguvu kubwa sana hupotea kwa muda mfupi sana. Vilevile kuna chaji ya kulijaza lango la swichi, yaani ncha inayopokea amri ya kuwaka na kuzima, kapasitansi ya swichi (uwezo wake wa kuhifadhi chaji) ambayo hujazwa na kumwagwa kila mzunguko, na chaji inayobaki ndani ya diodi ya silikoni ambayo lazima iondolewe kabla diodi haijaweza kuzuia mkondo. Chukulia kila mzunguko unapoteza mikrojuli 20, kiasi ambacho peke yake hakitoshi kupasha kitu chochote. Kwa kilohezi 100 mzunguko huo hurudiwa mara 100,000 kila sekunde, na hasara inakuwa wati 2. Kwa megahezi 1 ni wati 20.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi tusipunguze kasi hiyo. Jibu liko kwenye koili na transfoma. Kadiri masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, yanavyokuwa madogo ndivyo kila mzunguko unavyolazimika kubeba nishati nyingi kwa wakati mmoja, na ndivyo chuma, shaba na kapasita vinavyolazimika kuwa vikubwa. Transfoma ya hezi 50 yenye nguvu ya kulisha kompyuta ina uzito wa kilo kadhaa. Ile ya kilohezi 100 inayofanya kazi hiyohiyo inakaa kwenye kiganja. Lakini kupandisha masafa nako kunaamsha wakosaji wengine. Kiini cha sumaku hupoteza nishati kila kinapogeuzwa mwelekeo, na mikondo midogo huzunguka ndani yake bila faida, ndiyo sababu kwenye masafa makubwa tunaacha mabati ya chuma na kutumia feraiti, kauri yenye sifa za sumaku. Shaba nayo hubadilika tabia: mkondo husukumwa kuelekea kwenye ngozi ya waya, kiasi kwamba kwenye hezi 50 hupenya takriban milimita 9, ilhali kwenye kilohezi 100 haupenyi zaidi ya milimita 0.2 hivi. Waya nene hapo ni shaba iliyonunuliwa bure, na ndiyo maana koili za aina hii husukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizotengwa kila mmoja kwa vanishi.

Basi kazi ya mwunda vigeuzi, kwa sehemu kubwa, ni kutafuta mahali ambapo hasara hizi zinazovutana zinafikia jumla ndogo kuliko zote. Kupunguza hasara moja kwa kuongeza nyingine ni rahisi. Kazi ngumu ni kuusogeza mpaka wenyewe, na mpaka huo umesogezwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni vifaa vipya vya semikondakta, yaani malighafi ambayo swichi hutengenezwa kwayo. Silikoni ina pengo la nishati, yaani nishati inayohitajika ili elektroni iachiliwe na kubeba mkondo, la takriban elektroni-volti 1.1, kabidi ya silikoni ina karibu 3.3 na nitridi ya galiamu ina karibu 3.4. Matokeo yake ni kwamba vifaa hivi viwili vinahimili uga wa umeme takriban mara kumi ya ule ambao silikoni inauhimili kabla ya kuvunjika. Kwa hiyo ili kuzuia volteji ileile, tabaka linaloizuia linaweza kuwa jembamba takriban mara kumi na tena kuwekewa wabeba chaji wengi zaidi, na ukinzani unashuka kwa kiwango ambacho silikoni haiwezi kukifikia hata ikiundwa kwa ustadi wa namna gani. Uhusiano huu kati ya sifa za kifaa na ukinzani wa swichi uliwekwa wazi na B. Jayant Baliga, ambaye pia jina lake linahusishwa na kuundwa kwa IGBT akiwa General Electric, swichi ya silikoni ambayo kwa miongo kadhaa imeendesha mota za viwanda, treni na inveta kubwa.

Diodi za kabidi ya silikoni ziliingia sokoni mwaka 2001 zikitolewa na Infineon, na faida yake ya kwanza haikuwa ukinzani bali kutobaki na ile chaji inayoichelewesha diodi kuzuia mkondo. Mwaka 2017 gari la Tesla Model 3 lilianza kuuzwa likiwa na inveta ya mosfeti za kabidi ya silikoni, na tangu hapo watengenezaji wengi wa magari ya umeme wameifuata njia hiyo. Nitridi ya galiamu, ambayo watu waliijua kwanza kupitia taa za LED za bluu zilizowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014, imeingia zaidi kwenye chaja ndogo na pawasaplai. Ubora wake ulionekana hadharani katika shindano la Little Box lililotangazwa na Google pamoja na IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, mwaka huohuo wa 2014, lililotaka inveta ya kilovolti-ampea 2 yenye nguvu ya angalau wati 50 kwa kila inchi moja ya ujazo na ufanisi wa zaidi ya asilimia 95. Timu ya CE+T Power ya Ubelgiji ilitangazwa mshindi mwaka 2016 na kupata dola milioni 1, ikiwa imefikisha zaidi ya wati 140 kwa inchi hiyo moja. Boksi dogo kiasi hicho haliwezekani kama joto lake halijapunguzwa kwanza, na ndiyo maana nasema ukubwa wa kifaa ni habari ya ufanisi kwa jina lingine.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaozungumza kana kwamba kubadilisha kifaa cha semikondakta kunatosha. Swichi ya nitridi ya galiamu inayobadilika kwa nanosekunde chache, ikipachikwa kwenye bodi iliyochorwa kwa ajili ya silikoni ya zamani, huifanya kila sentimita ya njia ya shaba iwe koili ndogo isiyotakiwa. Volteji huanza kurukaruka, mwunda kifaa analazimika kuipunguzia swichi kasi ili kuituliza, na faida aliyoinunua kwa bei kubwa inarudi alikoitoa.

Njia ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye uzuri zaidi, ni kubadilisha mpangilio badala ya kifaa. Badala ya kuilazimisha swichi ifunge wakati volteji kamili iko juu yake, unaiacha koili na kapasita zibadilishane nishati huku na huku kwa mwangwi (resonansi) wao wenyewe mpaka volteji hiyo ishuke hadi sifuri, na hapo ndipo unaifunga swichi. Kapasitansi iliyokuwa ikimwagwa kama joto kila mzunguko sasa inarudisha nishati yake kwenye sakiti. Sakiti za mwangwi za aina hii ziko ndani ya pawasaplai nyingi za televisheni na kompyuta za seva, na zilifanya hivyo kwa silikoni ya kawaida kabla vifaa vipya havijashuka bei.

Mfano mkubwa wa nguvu ya mpangilio unapatikana katika usafirishaji wa umeme wa mkondo mnyoofu (DC) kwa volteji kubwa. Teknolojia hiyo ilianza kutumika kibiashara mwaka 1954 kati ya bara la Uswidi na kisiwa cha Gotland, kwa vali za mvuke wa zebaki. Baadaye zikaja tirista, ambazo ni swichi za silikoni, na baadaye IGBT, ambazo zilileta udhibiti bora lakini katika miaka ya mwanzo zilipoteza karibu asilimia 3 ya nguvu katika kila kituo, kwa sababu rundo zima la swichi lilikuwa likiwashwa na kuzimwa kwa pamoja kwa masafa makubwa. Rainer Marquardt na wenzake nchini Ujerumani wakapendekeza mpangilio wa moduli nyingi ndogo, kila moja ikiwa na kapasita yake, zinazoingizwa na kutolewa moja moja ili kujenga wimbi la umeme ngazi kwa ngazi. Kila swichi sasa inabadilika mara chache tu kwa kila mzunguko wa gridi. Kituo cha kwanza cha kibiashara cha namna hiyo kilikuwa cha Trans Bay Cable huko San Francisco, mwaka 2010, na hasara za vituo vya aina hii zimeshuka hadi kukaribia asilimia 1. Swichi zilibaki zilezile za silikoni.

Nimetumia maneno mengi juu ya mahali hasara inapotokea. Sasa nigeukie wakati inapotokea, jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko yote. Hasara za kigeuzi zinaweza kugawanywa katika mafungu matatu: zile zisizobadilika hata mzigo ukiwa haupo, kama vile za kiini cha sumaku na sakiti ya udhibiti, zile zinazokua sambamba na mkondo, kama za diodi na IGBT, na zile zinazokua kwa mraba wake, yaani za ukinzani. Hesabu fupi inaonyesha kwamba ufanisi hufikia kilele pale ambapo fungu la kwanza na la tatu yanalingana. Mwunda kifaa ndiye anayechagua kilele hicho kiwe wapi, na tarakimu inayoandikwa kwenye tangazo ni ya kileleni. Ikiwa kifaa kinaishi mbali na hapo, tarakimu hiyo ni kweli isiyomhusu mnunuzi.

Na vifaa vingi huishi mbali na hapo. Fikiria inveta ya wati 1,000 yenye ufanisi wa asilimia 94 kileleni, ambayo hutumia wati 10 hata ikiwa haina mzigo. Mwenye nyumba akiitumia usiku kucha kuwasha taa za wati 20, kati ya kila wati 30 zinazotoka kwenye betri, angalau 10 zinapotea, na ufanisi wa kweli hauwezi kuzidi asilimia 67. Ikiachwa imewashwa mwaka mzima bila mzigo wowote, inakula takriban kilowati-saa 88. Mtu huyo angenufaika zaidi na inveta ndogo yenye asilimia 90 kileleni na wati 1 tu ya kujiendesha, ingawa kwenye rafu ya duka ingeonekana duni.

Hapa ndipo pia inapoonekana sababu halisi ya kabidi ya silikoni kufanikiwa katika magari. IGBT hudai volteji yake ya karibu volti 1 au zaidi hata mkondo ukiwa mdogo, ilhali hasara ya mosfeti hushuka kwa mraba mkondo unaposhuka. Gari hutumia sehemu ndogo sana ya muda wake likiwa kwenye nguvu kamili. Muda mwingi linatembea taratibu, linasimama, linaondoka tena. Tofauti kati ya swichi hizi mbili ni kubwa zaidi katika mizigo hiyo midogo, na ndiko umbali wa ziada kwa betri ileile unakopatikana kwa sehemu kubwa.

Kwa inveta za sola, Ulaya hutumia ufanisi wa wastani wenye uzito, ambamo ufanisi kwenye nusu ya mzigo hupewa uzito wa 0.48 na ule wa mzigo kamili 0.20 tu, huku mizigo ya asilimia 5, 10, 20 na 30 ikigawana iliyobaki. California ina uzito wake, unaotoa 0.53 kwa robo tatu ya mzigo, kwa kuwa jua la huko ni kali zaidi. Mpango wa 80 PLUS wa pawasaplai za kompyuta, ulioanza mwaka 2004, ulidai ufanisi wa asilimia 80 kwenye asilimia 20, 50 na 100 ya mzigo, na daraja lake la Titanium liliongeza sharti la asilimia 90 kwenye mzigo wa asilimia 10. Sharti hilo dogo la chini naliona kuwa la thamani kuliko asilimia moja ya ziada juu, kwa sababu kompyuta nyingi hukaa zikiwa zimepumzika.

Ili kulitimiza, wabunifu wamekuja na mbinu ambazo hazihitaji kifaa kipya chochote. Kigeuzi kinaweza kufanya kazi kwa vipindi: kinatuma mizunguko michache, kinalala, kinaamka volteji inapoanza kushuka. Chenye njia kadhaa sambamba kinaweza kuzima baadhi mzigo unapopungua, ili zilizobaki zikae karibu na kilele chao. Kwa transfoma za kusambazia umeme, ambazo hukaa kwenye gridi saa 8,760 kila mwaka, viini vya chuma kisicho na fuwele vinaweza kupunguza hasara za wakati wa kutokuwa na mzigo kwa takriban asilimia 70 vikilinganishwa na chuma cha kawaida chenye silikoni.

Kuhusu mnyororo wa vigeuzi nitasema kwa ufupi. Hatua nne zenye ufanisi wa asilimia 95 kila moja, zikifuatana, hutoa asilimia 81 tu. Betri ya sola inayolisha inveta, inayolisha chaja, inayorudisha umeme kwenye mkondo mnyoofu ule uliokuwepo mwanzoni, imepoteza nishati katika hatua mbili ambazo pengine hazikuhitajika, na hakuna kifaa cha semikondakta kitakachoshinda faida ya kuziondoa. Vituo vya data vimeanza kuelewa jambo hili: kupeleka umeme ndani ya kabati za seva kwa volti 48 badala ya 12 hupunguza mkondo mara nne, na kwa njia za shaba zilezile hasara ya ukinzani hushuka mara 16.

Linabaki suala la kupima. Kadiri ufanisi unavyopanda ndivyo kuuthibitisha kunavyokuwa kugumu. Kigeuzi kinapokea wati 1,000 na kutoa 980, kwa hiyo hasara ni wati 20. Lakini ikiwa kila mita ina kosa la asilimia 0.5, nguvu inayoingia inaweza kuwa popote kati ya 995 na 1,005, na inayotoka kati ya 975 na 985. Hasara ya kweli inaweza kuwa wati 10 au ikawa 30. Mtu anayetangaza ufanisi wa asilimia 98.7 kwa mita za namna hiyo anatangaza tarakimu ambayo hana. Kwa sababu hiyo maabara makini hukifungia kigeuzi ndani ya chumba kilichozibwa na kupima joto lenyewe linalotoka, au huunganisha vigeuzi viwili uso kwa uso ili umeme unaotoka kwenye kimoja urudishwe mwanzoni na chanzo kilipie hasara peke yake. Njia zote mbili zinapima kinachopotea moja kwa moja, bila kulazimika kutoa tarakimu moja kubwa kutoka kwenye nyingine inayoikaribia. Na upande wa mkondo geu (AC), kuzidisha usomaji wa volteji kwa ule wa mkondo hakuleti wati, kwa kuwa mkondo wa pawasaplai nyingi hauendi sambamba na volteji. Inahitajika watimita halisi.

Umoja wa Ulaya, kupitia kanuni nambari 2019/1782 inayotumika tangu Aprili 2020, unawataka watengenezaji wa adapta za nje watangaze wastani wa ufanisi kwenye robo, nusu, robo tatu na mzigo kamili, pamoja na ufanisi kwenye asilimia 10 ya mzigo na wati zinazotumika bila mzigo, ambazo kwa adapta nyingi ndogo hazitakiwi kuzidi 0.10. Ningependa kuona jedwali kama hilo kwenye kila inveta na kila chaja ya betri inayouzwa, likiwa na safu moja ya ziada inayoonyesha wati zinazopotea katika kila mzigo. Mtengenezaji makini anazo tayari tarakimu hizo kwenye daftari la vipimo vyake, na mnunuzi anayejua mzigo wake wa kawaida ataweza kuchagua kifaa chake kwa kusoma mstari mmoja.